Tembo jike asiye na meno: ameamua mwenyewe?

Mkulima_Liwale
Wakuu, shikamooni kwa wanaostahili. Niko Liwale, nalima ufuta na mahindi kidogo. Juzi usiku tembo wameingia shambani, tukapiga madebe mpaka mikono ikaota malengelenge. Mwezi ulikuwa unawaka, na jike mmoja mkubwa alisimama karibu hivi kwamba nilimsikia akitafuna. Hana meno, yale marefu ya nje tunayoyaita pembe. Hayajavunjika, hayapo kabisa, mdomo laini kama wa ng'ombe.

Babu anasema tembo wamejua kuwa meno ndiyo yanayowaponza, wakaacha kuyaota. Binti yangu wa kidato cha pili anasema ni uteuzi asilia. Nikamwambia nieleze, akanisomea daftari. Nani mkweli?

Mwalimu_Mstaafu
Marahaba. Binti kapata jina, babu kaona jambo lenyewe ila kalipindua. Nimefundisha baiolojia huku kusini mpaka nywele zikaisha, na kosa la babu nimelikuta kwenye mitihani kila mwaka. Tembo hawezi kuamua kutoota meno, kama wewe usivyoweza kuamua mwanao asiote ndevu.

Vuka Ruvuma, nenda hadi hifadhi ya Gorongosa, Msumbiji. Kwenye vita vya 1977 hadi 1992, tembo waliuawa kwa ajili ya nyama na pembe, zaidi ya asilimia 90 wakaisha. Kabla ya vita, majike wasio na meno walikuwa kama 18 katika kila 100. Baada ya vita, karibu nusu ya majike waliosalia. Hakuna tembo hata mmoja aliyebadilika! Wasio na meno walikuwepo tangu zamani, wachache, wamezaliwa hivyo. Mwenye bunduki aliwapita kwa sababu hawakuwa na alichokitaka. Wakabaki, wakazaa, na baadhi ya mabinti zao wakarithi. Huo ndio uteuzi asilia.

Selous yetu nayo ilikuwa na tembo zaidi ya 100,000 mwaka 1976, na 2013 wakahesabiwa kama 13,000. Lakini usitangaze kijiji kizima kwamba na wa kwetu wamegeuka. Umeona mmoja tu.

Kaka_Nachingwea
Kunguni wa gesti niliyolala wiki jana wanaoga dawa na kujipangusa. Nao wamerithi?

Mwalimu_Mstaafu
Ndiyo, usicheke. Dawa iliua wale dhaifu, ukalala na watoto wa waliopona.

Mvuvi_Mikindani
Mwalimu, bunduki nimeielewa. Ila huku kwenye mikoko, maji yakitoka, kuna visamaki vinatembea juu ya tope, macho yamekaa utosini kama chura. Hao nani aliwapiga risasi?

Mwalimu_Mstaafu
Jua na ndege wanatosha. Siku ukimkamata mmoja, mtazame mashavu: yamevimba, kabana maji kwenye matamvua. Hewa nyingine anaivuta kwa ngozi, lakini ngozi ikikauka amekwisha, ndiyo maana unamwona akijibiringisha kwenye tope bichi. Zamani sana, aliyeweza kukaa nje dakika mbili zaidi ya ndugu zake alikula walichokiacha. Na mwenye macho ya juu alimwona korongo mapema. Vizazi vikapita, vingi kuliko unavyoweza kuhesabu.

Mkulima_Liwale
Nimekuelewa. Sasa mbona wazee wote hapa hawajawahi kuona dume asiye na meno?

Mwalimu_Mstaafu
Hapo umeuliza swali la chuo kikuu. Utafiti wa Gorongosa uliotoka 2021 ulionyesha kwamba kinasaba kinachohusika, yaani kipande cha urithi ambacho mzazi humpa mtoto, kinamwacha jike hai bila meno, lakini mtoto wa kiume akikirithi anafia tumboni. Kwa hiyo jike wako, kama ni wa aina hiyo, madume atakaowazaa hai watakuwa na meno. Na kukosa meno kuna gharama nyingine: tembo huyatumia kuchimba maji na kubandua magome.

Ana ndama?

Mkulima_Liwale
Anaye, mdogo, anapita chini ya tumbo la mama. Meno bado. Wakirudi nitamwangalia vizuri, kama mama yake ataniruhusu nisimame.