Simu ya mama mkwe kanisani: nimwambieje?

Tumsifu Yesu Kristu, wapendwa. Naomba ushauri kabla Jumapili haijafika.

Mimi ni mhudumu parokiani kwetu huku Eastlands, misa ya pili. Kazi yetu ni kuonyesha watu viti, kupanga foleni ya komunyo na, siku hizi, kupambana na simu. Jumapili iliyopita, wakati wa mageuzo, padre ameinua hostia, kengele imelia, kanisa kimya, simu ikaanza kuimba benga. Ilikuwa ndani ya mkoba wa mama mkwe wangu. Akaitafuta chini ya kitabu cha nyimbo, leso na miwani, akaipata, akapokea! "Niko kanisani, nipigie baadaye." Watoto wa safu ya mbele wakacheka. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Kumwambia kila mtu azime haiwezekani. Wengine wanasoma masomo ya siku humo humo, na sadaka watu wanatuma kwa M-Pesa. Papa Fransisko alilalamika mwaka 2017 kwamba padre husema tuinue mioyo, si simu, lakini yeye aliwalenga wapiga picha (maaskofu na mapadre wakiwemo). Mama hapigi picha. Hajui tu pa kuzimia sauti, na hataki kuonyeshwa.

Mke wangu amejitoa: "Wewe ndiye mhudumu." Sasa nimwombe mwenyekiti wa jumuiya atangazie wote, ama nimzimie mwenyewe pale mlangoni? Si atasema namdharau?