Submariner ya mtumba: nikague nini?

Niko Malindi, nauziwa Rolex Submariner 16610 iliyotumika. Ndiyo saa yangu ya kwanza ya bei. Nianzie wapi?

— Ndugu, mkanda uvuliwe kwanza. Kati ya miguu ya saa (pembe zinazoshika mkanda), upande wa tarakimu 12, pameandikwa 16610, namba ya modeli. Upande wa 6, kwa nyingi, ni namba ya saa yenyewe (za mwisho imechongwa ndani, kwenye pete inayozunguka uso); ilingane na ya kwenye karatasi. Miguu iliyosuguliwa ikakonda hairudi. Mimi ningeiacha.

— Fundi afungue mgongo: ndani iwe kalibri (mashine ya saa) 3135. Kwetu pwani mpira wa kuzuia maji ukichakaa chumvi hupenya, kwa hiyo atazame kutu kwenye kijiti cha kichwa cha kujazia. Akifunga, atie mpira mpya na apime presha kuona kama maji hayaingii.

— Ilinganishe na simu siku nzima. Ikipoteza dakika, gharama ya kusafisha na kutia mafuta itoke kwenye bei.