Sevisi ya regulata laki tatu, spea juu yangu. Ndiyo bei au naliwa?

Mkondo_Nungwi
Wakuu, naomba mawazo. Natembeza wageni kuzamia Mnemba na regulata yangu mwenyewe (kile kifaa cha kuvutia hewa ya mtungi chini ya maji), Scubapro MK25. Siku hizi nikifungua mtungi, ikikaa kidogo steji ya pili, ile ya mdomoni, inaanza kupuliza yenyewe. Fundi kataja laki tatu kazi tupu, spea ninunue mie. Oringi si hizi za mia tano kwa fundi majokofu?

FundiGeji
Mdogo wangu, hujaliwa. Kazi hii huhesabiwa kwa steji: ya kwanza, inayofungwa kwenye mtungi, moja; za pili mbili pamoja na ile ya njano ya akiba. Laki kwa kila moja.

Ila kabla hujatoa pesa, mwambie achomeke geji ya presha ya kati (ile ya baina ya steji ya kwanza na ya pili) kwenye hozi ya jaketi la kuelea, mbele ya macho yako. Mtungi ukiwa umejaa, sindano ipande mpaka bar 9 na ushee, isimame hapo hapo. Ikiendelea kujikokota kuelekea 10, 11, siti ya presha kubwa, kile kiziba cha ndani ya steji ya kwanza, imekwisha. Hewa inapenya, steji ya pili inazidiwa, inaachia. Wapo watakaokukazia skrubu ya steji ya pili wakupe mkono wa kwaheri. Kelele zitanyamaza wiki moja tu. Sindano ikitulia, basi ugonjwa uko steji ya pili.

Chungulia na chujio pale hewa inapoingilia. Likiwa na ukijani, maji ya chumvi yameshapita, hapo usibishane bei, ifunguliwe yote. Na oringi za majokofu waachie majokofu! Hata grisi si grisi yoyote.

Dada_wa_Diani
Spea ndiyo kilio. Kampuni nyingi haziuzi seti za spea kwa mtu binafsi, lazima upitie wakala, na usafirishaji wa seti moja unaweza kupita bei ya seti yenyewe. Huku tunachanga watu kadhaa tunaagiza pamoja. Halafu dai spea za zamani urudishiwe, uone kama kweli zimebadilishwa.

Mkondo_Nungwi
Asanteni. Chujio lina kijani ukingoni. Fundi, ile ya njano siitumii kabisa, siwezi kuiruka niokoe laki?

FundiGeji
Mgeni akiishiwa hewa mita 25 utampa ipi? Anza na hiyo.