Naomba ushauri: keneli ilianguka ndani ya QEMU, logi zake nitazipataje?

Habari za jioni wakuu. Niko Arusha, maeneo ya Sakina. Ninaandika diraiva ya Linux na kuijaribu ndani ya QEMU, programu inayoiga kompyuta nzima. Juzi usiku, baada ya saa sita za majaribio, keneli (kiini cha Linux) ilianguka na skrini ikaganda bila ujumbe wowote. Nimerudia mara tisa, kosa halirudi. Ndiyo maana nazitaka logi zile zile.

Nashukuru sikuizima QEMU. Niliingia kwenye monita yake (sehemu ya kuipa QEMU amri) nikatumia amri ya dump-guest-memory, kwa hiyo RAM yote ya mashine ile ninayo kwenye faili la GB 2. Keneli huandika ujumbe wake kwanza kwenye bafa (hifadhi ya muda) iliyo ndani ya RAM, konsoli ndiyo inaufuata baadaye, hivyo maneno ya mwisho yanapaswa kuwa humo. Kwa strings na grep (zana za kuchomoa na kutafuta maandishi) nimepata vipande tu, havina muda, kwa kuwa tangu toleo la 5.10 la keneli muda hutunzwa kando na maandishi.

Kinachoniuma: vmlinux ya siku ile (faili la keneli yenyewe, linalohitajika kuisoma RAM hiyo) nimeifuta. Nimejenga nyingine, lakini crash, programu ya kuchambua RAM ya keneli iliyoanguka, inaikataa, inasema hailingani na faili la RAM.

Msimbo, .config (mipangilio ya keneli) na kompaila havijabadilika. Je, nikirudisha tarehe ile ya ujenzi kwa KBUILD_BUILD_TIMESTAMP, itakubali? Na KASLR (inayoiweka keneli kwenye anwani ya nasibu kila inapowaka) ilikuwa imewashwa, itanisumbua? Kwa majaribio yajayo nimeshaweka console=ttyS0 na -serial file ili ujumbe uingie kwenye faili, ila hizi za juzi bado nazihitaji sana.