Nimepanda mlingoti mimi, shukrani kapewa mtu wa Dar

Wakuu, mimi ni fundi redio Masasi na leo nimekereka hasa.

Mwaka jana mwezi wa nane kituo kimoja cha FM huku mkoani Mtwara (sikitaji) kilianza kupotea hewani. Ukitoka mjini kidogo tu hupati kitu. Nikaitwa. Kule juu nikakuta kiungio cha waya wa antena kiliingia maji tangu masika, shaba imeota kutu ya kijani, nguvu inarudi kwenye transmita (mtambo wa kurusha matangazo) nayo inajipunguza yenyewe. Siku tatu nimeshinda mlingotini na kusi linapuliza. Malipo? Bosi wa kituo ananiandikia: "Korosho zikitoka tutamalizana."

Minada imefunguliwa, imefungwa, simu haipokelewi. Juzi kwenye sherehe yao wanamshukuru "mtaalamu kutoka Dar". Yupi? Yule aliyekuja kunywa soda na kupiga picha?

Na hiyo FM mnayotambia mnajua kaileta nani? Edwin Armstrong, Mmarekani wa New York. Redio za kabla yake zilibeba sauti kwenye ukubwa wa wimbi, radi ikipiga ni mikwaruzo mitupu. Yeye akaibeba kwenye kubadilika kwa masafa, hataza akapata 1933. Hata saketi ya superheterodaini (inayoshusha wimbi la kituo chochote kwenye masafa mamoja ya kati), ninayoikuta karibu kila nikifungua redio ya mtu, aliibuni 1918 akiwa jeshini Ufaransa. Malipo yake? RCA, kampuni kubwa ya redio ya kwao, walimpa nafasi ya majaribio juu ya Empire State Building, 1935 wakamwambia atoe vyombo vyake. 1945 serikali yao ikahamishia FM kwenye megahezi 88 hadi 108, redio za FM za mwanzo zote zikageuka mabati. Akaishtaki RCA 1948. Kesi ikamla hela, ikamla ndoa, 1954 akajiua. Mjane wake Marion, ambaye zamani alikuwa katibu muhtasi wa David Sarnoff, bosi wa RCA hiyohiyo (dunia hii!), akashika kesi zilizobaki moja moja. Ya mwisho kashinda 1967.

Mimi nadai laki tatu na nusu. Miaka 19 ya kesi siiwezi.

Meseji zote za bosi wa kituo ninazo, na picha za kile kiungio. CMA (tume ya kusuluhisha migogoro ya kazi) wanampokea kibarua asiye na mkataba wa maandishi? Anayejua anijibu hapahapa. Wale wa "muachie Mungu" piteni kushoto.