Naomba ushauri: mkate wa mahindi wa paketi kwa mgonjwa wa sukari

Habari wakuu, mama yupo kwangu huku Marekani, ana sukari na presha, sasa kaupenda huu mkate wa mahindi wa paketi anasema eti ni mahindi tu kama ugali. Nimesoma lebo nikashtuka, cha kwanza unga wa ngano, mahindi ya pili, sukari ya tatu, na huku sheria inataka viorodheshwe kwa uzito kuanzia kilicho kingi! Halafu namba zote ni za kipande kimoja kidogo, yeye anakula hata vitatu na chai. Wenye uzoefu, niangalie sukari iliyoongezwa au wanga wote? Na chumvi je, maana kikomo cha siku nzima ni sodiamu (ile iliyomo kwenye chumvi) miligramu 2300. Kuna ambao hauna sukari kabisa au nioke mwenyewe tu?