Mrejesho: lile boksi la dharura lenye bastola

Wakuu, niliwauliza kama ndugu yangu aliyeko Marekani aninunulie boksi la dharura lililofungashwa tayari na bastola ndani, nikae nalo kwenye boti yangu ya Kibirizi–Kagunga, Ziwa Tanganyika. Nimeamua: silichukui.

Sheria nisiirefushe. Ile ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka kibali cha kuingiza na leseni ya kumiliki. Bastola haiji kama mtumba.

Ila hata bila sheria, hesabu haikai. Smith & Wesson, kampuni ya silaha ya Marekani, waliwahi kuuza boksi la aina hiyo, lenye bastola ya Model 500ES na vifaa vya kujiokolea, likilenga watu wa porini kwenye dubu. Ziwa Tanganyika lina dubu gani? Linalotutesa ni upepo, mawimbi na injini kuzima usiku mbali na ufukwe. Aliyenitajia majambazi nimemwelewa, lakini silaha iliyofungiwa chini ya magunia ya dagaa utaifikia saa ngapi? Halafu Kagunga ni mpakani na Burundi. Doria wakupekue wakukute nayo, jieleze!

Kwa hiyo nimejipangia mwenyewe: maboya ya kuvaa yanayotosha abiria wote (hapa ndipo pesa ilipoishia), filimbi, tochi, plagi za akiba za injini, dawa za huduma ya kwanza na simu kwenye mfuko usiopitisha maji.

Bado natafuta redio ya mawasiliano. Mwenye kujua fundi mzuri Kigoma mjini anielekeze.